Tochi ya leza ya shilingi 4,000 na somo la umbo la virusi vya mimea

Tochi hii ndogo ya mwanga mwekundu niliinunua katika duka moja mjini Mtwara kwa ajili ya wanafunzi wangu wa kidato cha sita, ambao wengi wanatoka Newala na Tandahimba na wanaijua vizuri batobato ya mihogo shambani kwao, ila hawajawahi kuelezwa umbo la kirusi hujulikanaje.

Nilibana springi ya kalamu kwa kibanio cha nguo, nikapitisha mwanga katikati yake, na kwenye ukuta ulio mita tano mbele zikatokea nukta nyekundu zilizojipanga kama herufi X. Alama hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikionekana katika picha za eksirei za kirusi cha batobato ya tumbaku, ambacho mwanasayansi Rosalind Franklin alikichunguza katika chuo cha Birkbeck, London, miaka ya 1950: kijiti ambacho protini zake hujizungusha kama springi, 49 kwa kila mizunguko mitatu. Mzunguko mmoja hupanda nanomita 2.3 tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ndiyo maana huhitaji eksirei yenye mawimbi ya urefu wa nanomita 0.154 hivi, ilhali springi yangu, ambayo mizunguko yake imeachana kama milimita moja, inatosheka na leza ya nanomita 650.

Nilipoivuta springi taratibu, nukta zilisogeleana. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona huku unaiachanisha mizunguko na kule nukta zinakaribiana?" Kwa swali hilo pekee, nimeridhika na fedha niliyotoa.

Hata hivyo, springi haionyeshi fuwele, yaani chembe zilizojipanga kwa mpangilio uleule kila upande, kwa kuwa vijiti vya kirusi kile vilipigwa picha vikiwa vimelala sambamba tu ndani ya ute mzito. Kwa fuwele kamili, kama zile za kirusi cha kudumaza nyanya, ambacho umbo lake lilichorwa mwaka 1978 kwa undani wa kuonyesha hata vitu vya nanomita 0.29, nilitumia mtandio mwepesi, na nukta zikajipanga safu kwa safu kila upande.

Kasoro zake si ndogo. Kitufe hakijishikilii, hivyo mkono hutikisika na nukta hucheza. Betri zake tatu za saa zilififia kabla ya kipindi cha pili kwisha, na muuzaji alikataa kunibadilishia. Baya zaidi, haina maandishi yoyote ya nguvu ya mwanga, kwa hiyo mwalimu atakayeinunua aishike mwenyewe na asiruhusu imulike jicho la mtu.