Miezi saba ya mlo wa mafuta: mwanangu, kifafa na mizani ya jikoni

Mwanangu ana miaka sita, na ni miaka mitatu sasa anaanguka. Dawa mbili, moja baada ya nyingine, kwa dozi kamili, hazikumtuliza. Siku mbaya nilihesabu mara nane, hata kumi. Daktari wa Dar es Salaam akatueleza kuwa dawa mbili zikishindwa, ya tatu mara nyingi nayo haifui dafu. Tujaribu mlo wa ketojeniki, ule uliolegezwa uitwao Atkins: wanga usizidi gramu 15 kwa siku, mafuta kwa wingi.

Msiuchanganye na mambo ya kupunguza unene. Mlo wa ketojeniki wenyewe ulianza kutumika kwa kifafa mwaka 1921, kwenye hospitali ya Mayo Clinic, Marekani. Utafiti wa Uingereza wa watoto 145, uliotoka 2008, ulionyesha asilimia 38 ya waliopewa mlo wa ketojeniki usiolegezwa walipungukiwa kuanguka kwa zaidi ya nusu ndani ya miezi mitatu. Kwa wasiopewa ni asilimia 6. Alipimwa damu kwanza, maana wapo watoto waliozaliwa na miili isiyoweza kuyachoma mafuta, na mlo huu unaweza kuwaua.

Sasa njoo jikoni. Gramu 100 za wali zina wanga karibu gramu 28. Basi wali kwaheri, mahamri kwaheri, muhogo kwaheri. Bahati yetu watu wa Tanga ni nazi. Nakamua tui la kwanza, kasimile yenyewe, napikia vibua au nguru, pembeni mchicha na parachichi. Kasimile nayo ina wanga wake, kwa hiyo inapanda mizani kama vingine vyote.

Wiki ya kwanza alitapika na kulegea, nikataka kuacha. Choo kigumu kinamsumbua mpaka leo.

Kila asubuhi nachovya kijiti kwenye mkojo wake. Ketoni, yaani kile mwili unachotoa ukichoma mafuta badala ya wanga, zikiwa nyingi kinageuka zambarau. Mwezi wa tatu zambarau ikapauka ghafla, na kwa siku mbili akaanguka mara tisa. Nikamshuku mama mkwe, kwani aliwahi kumpa kashata kwa siri. Akalia. "Wallahi mwanangu, safari hii sijampa kitu." Kumbe ni dawa! Vidonge vilikuwa vimekwisha duka la dawa, nikapewa ya maji, nayo ina sukari. Muuzaji hakuniambia, nami sikuuliza. Nilimpigia magoti mama yule kumwomba radhi. Tafadhali, wazazi wenzangu, ulizeni kila dawa ya maji, hata ya kikohozi.

Leo siku nyingi anaanguka mara mbili, na zipo siku haanguki kabisa. Vidonge bado anameza, wala msithubutu kuviacha wenyewe. Gharama inauma: vijiti, samaki, nauli ya Dar kila miezi mitatu kupimwa damu, kimo na uzito, na kuangaliwa figo zisifanye mawe. Lakini mwanangu anamaliza siku nzima shuleni, na kwa hilo nitaendelea. Mwenye daktari wa kumsimamia, ajaribu.

Mama mkwe ndiye anayekaa kwenye mbuzi siku hizi. Akimaliza kukuna anavaa miwani, anainamia mizani na kunisomea: "Arobaini na mbili, mwanangu. Punguza."