Nimesafisha DPF badala ya kuitoboa: uzoefu wangu Dodoma

Taa ya DPF, yaani chujio la masizi kwenye ekzosi, ikiwaka kwenye gari la dizeli hapa mjini, ushauri unaoupata haraka ni mmoja: "Tutoboe hilo dude, kisha tufute msimbo wa hitilafu kwenye kompyuta ya gari." Mimi nilikataa. Nilipeleka gari kwenye gereji moja ya Kizota inayosafisha machujio hayo, na nimeridhika.

Ndani ya chujio kuna kauri yenye vitundu vyembamba kama sega la nyuki, vimezibwa kwa kupishana. Moshi unalazimika kupenya kwenye kuta zake, masizi yanabaki humo. Ekzosi ikipata moto wa kama nyuzi 600, masizi yanaungua yenyewe. Gari langu huzunguka Area C, Jamatini na Sabasaba, safari fupi fupi, moto huo haliupati.

Mafundi walilifungua, wakapima presha, wakapuliza hewa, wakaosha kwa dawa, wakakausha kwenye tanuri, kisha wakapima tena mbele yangu. Presha ilishuka sana. Sasa napanda kilima cha UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) bila gari kukosa nguvu, na nikiingiza kidole kwenye bomba la ekzosi kinatoka karibu kisafi. Bei si ndogo, ila haifiki popote karibu na ya chujio jipya.

Ninachowalaumu: mpaka niulize ndipo waangalie injekta (vinyunyizio vya mafuta), na habari ya oili hawakuigusa kabisa. Majivu ya oili hayaungui hata gari likimbie vipi, kwa hiyo dizeli yenye DPF inataka oili yenye majivu kidogo. Mteja anapaswa kuambiwa hilo kabla hajaondoka.

Wapo wanaosema mafuta yetu hayafai kwa DPF. Mwaka 2015 Afrika Mashariki ilianza kutumia kiwango cha salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na chujio linafanya kazi kwa dizeli hiyo. Moshi wa dizeli uliwekwa na wataalamu wa saratani wa WHO mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika. Ukitoboa, wewe umefunga vioo. Wanaoumeza ni bodaboda waliosimama nyuma yako, mama lishe wa kando ya barabara na watoto wa Nkuhungu wanaotembea kwenda shule. Kwangu hilo linatosha kulipia usafi.

Wahini asubuhi, kukausha kunakula saa kadhaa. Ukishalichukua gari, lipeleke mpaka Bahi na kurudi kwa mwendo wa barabara kuu, na safari hiyo uirudie mara kwa mara.