Testa ya pawa saplai yenye kioo: desktopu ikizima ghafla ikagoma kuwaka, anza na hii

Wakuu nimekitumia hiki kidude muda sasa nikaona niandike, maana kila siku watu wanauziwa madabodi (ile bodi kuu ya kompyuta) wakati ugonjwa uko kwenye pawa saplai, kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme. Ni kale kaboksi kadogo kenye kioo cha namba na matundu pembeni, unachomeka ule mkia mkubwa wa pini 24 kenyewe kanaiwasha pawa saplai na kukusomea volti zote kwa mpigo. Hakana jina kubwa, zinatoka China zinafanana tu, na Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta utazikuta.

Niseme mapema kabisa: kikikwambia pawa saplai imekufa, kiamini. Kikikwambia ni nzima, usishangilie kwanza.

Desktopu ya dada yangu, ile watoto wanasomea, jioni ilikuwa inapiga kazi vizuri tu, umeme ukakatika, uliporudi unabonyeza kimya, feni haizunguki na hata kale kataa kwenye madabodi hakawaki. Fundi mmoja wa mtaani akasema madabodi imeungua na hajafungua hata kava! Hii inaniuma kweli, kwa sababu madabodi ya zamani ukiikosa ya aina ile ile unajikuta unanunua na prosesa na ramu juu. Mi nikaanza na vya bure, nikachomeka chaji ya simu kwenye soketi ile ile umeme upo, nikatumia waya wa monita maana ni ule ule, nikaangalia swichi ya nyuma ya pawa saplai kama iko kwenye I (imewashwa), bado kimya. Nikachomoa mikia yote kwenye madabodi nikachomeka testa, kioo kikabaki cheusi hakuna namba hata moja. Kuhakikisha nikapima kwa multimita (kipima umeme cha mkononi) waya wa zambarau wa pawa saplai, ikasoma karibu na sifuri. Huo waya unatakiwa uwe na volti 5 muda wote pawa saplai ikiwa imechomekwa ukutani hata kama kompyuta imezimwa, ndio unaofanya swichi ya mbele isikilizwe, ukikosekana utabonyeza mpaka kesho. Tukafunga pawa saplai nyingine ikawaka pale pale, madabodi nzima kabisa.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba hakihitaji ujue rangi za waya. Ile njia ya zamani ya kuiwasha pawa saplai kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya inafanya kazi vizuri, ila pawa saplai nyingi za siku hizi waya zote nyeusi tupu, sasa utabahatisha vipi? Hapa unasoma tu, volti ya 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, ya 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25, ikishuka kinaandika LL ikizidi HH na kelele juu. Kuna na namba ya PG (Power Good), huo ni muda ambao pawa saplai inachukua kutoa ishara kuwa umeme umetulia, kwa milisekunde, kawaida 100 mpaka 500, ikitoka hapo kompyuta inaweza kugoma kuwaka na volti zote zinaonekana safi, na multimita ya kawaida haiwezi kukuonyesha hiyo.

Sasa mapungufu. Kinaibebesha pawa saplai mzigo mdogo sana, kwa hiyo iliyochoka inapita mtihani halafu ukiirudisha kwenye mashine yenye kadi kubwa ya grafiki inazima ukifungua gemu. Nimeliona hilo kwa jamaa yangu, namba zote nzuri, tulipoazima pawa saplai nyingine tatizo likaisha. Pia usikiache kimechomekwa muda mrefu kinapata moto.

Halafu hizi desktopu za Dell OptiPlex za mtumba zilizojaa mjini, 3020, 7020 na 9020, mkia wake mkuu ni wa pini 8 na sio 24, testa hii haikusaidii kitu na usije ukaulazimisha kwenye tundu la prosesa la testa. Zenyewe nyingi zina kakitufe na kataa nyuma kwenye pawa saplai, bonyeza, ikiwaka kijani inatoa umeme.

Na kama testa imesema nzima ila kompyuta bado haiwaki, kabla hujaitupia lawama madabodi toa waya wa swichi ya mbele, gusisha zile pini mbili za PWR SW (za swichi ya kuwashia) kwenye madabodi kwa bisbisi sekunde moja. Swichi za kava zinakufa sana! Ikigoma toa ramu zote urudishe moja moja, chomoa USB zote, angalia kapasita (vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme) zilizovimba kichwani.

Pawa saplai yenyewe msifungue jamani nawaomba, kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata ukiwa umeshachomoa ukutani, imekufa nunua nyingine.

Mi nakipa nyota nne. Ukienda kununua mwambie muuzaji akichomeke kwenye pawa saplai yoyote hapo hapo dukani uone namba zote zinasoma, pamoja na ile ya volti -12.