Shotigani ya pampu kwa mchezo wa trapu: ipi ununue, ipi uiache

Trapu ni mchezo wa kuvunja kwa shotigani visahani vinavyorushwa hewani na mashine, na pampu ni shotigani ambayo mshiko wake wa mbele huvutwa kwa mkono ili kutoa ganda na kupakia risasi nyingine. Kabla hujafika dukani, uliza klabu unayotaka kujiunga nayo inacheza trapu ya aina gani. Kanuni za ISSF, yaani shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha ambalo kanuni zake ndizo za Olimpiki, zinaruhusu shotigani zisizozidi geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), lakini za pampu zimekatazwa. Kama shabaha yako ni Olimpiki, anza moja kwa moja na bunduki ya mitutu miwili. Trapu ya Uingereza iitwayo DTL (Down-The-Line) nayo haiipendelei pampu: kisahani kikivunjwa kwa risasi ya kwanza ni pointi 3, kwa ya pili ni 2, na wakati wewe unavuta pampu mwenzako mwenye mitutu miwili ameshafyatua tena.

Uwanja wa pampu ni trapu ya Kimarekani. Mlengaji husimama mita 14.6, yaani yadi 16, nyuma ya kibanda cha mashine. Anaita, kisahani kinaruka mbele kwa pembe asiyoijua, naye ana risasi moja tu. Vituo ni vitano, kila kimoja visahani vitano, mzunguko mzima visahani 25. Kwa kuwa risasi ni moja, kasi ya kuvuta pampu haina kazi yoyote, na hapo ndipo bunduki ya bei nafuu inaposimama mstari mmoja na zile za bei ya kutisha. Kisahani hakijui kimevunjwa na bunduki gani.

Kitako kwanza, jina la kampuni baadaye

Wanunuzi wengi huuliza habari za mtutu na kusahau kitako, ilhali kitako ndicho kinachoamua risasi itakwenda wapi. Shotigani haina kilengeo cha nyuma. Jicho lako ndilo kilengeo cha nyuma, na urefu wa jicho juu ya mtutu unategemea mgongo wa kitako, pale shavu linapolala. Shavu likishuka milimita chache, marisawa, yaani punje zinazotoka ndani ya risasi, nayo yanashuka.

Pampu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya wawindaji, na kitako chake kimeinama kuelekea nyuma. Ukilaza shavu, jicho linakaa chini na bunduki inapiga pale pale unapoielekeza. Katika trapu hilo ni tatizo, kwa sababu kisahani huwa bado kinapanda unapofyatua. Ili ukipate kwa bunduki kama hiyo itakubidi ukifunike kwa mdomo wa mtutu, na ukikifunika hukioni tena. Walengaji wa trapu hutaka bunduki inayopiga juu kidogo: asilimia 60 hadi 70 ya marisawa juu ya alama, zinazobaki chini yake. Kisahani kinabaki kinaonekana kama kimekaa juu ya mtutu, nawe unafyatua ukiwa unakitazama.

Kwa hiyo tafuta kitako chenye mgongo ulioinuliwa na ulio sambamba na mtutu, au kile ambacho mgongo wake unapandishwa na kushushwa. Usipokipata, kuna pedi za kubandika ambazo zinafanya kazi hiyo hiyo ingawa hazipendezi macho. Kwa bunduki yenye mtutu wa inchi 30, kuinua mgongo kwa milimita moja na nusu hupandisha risasi kama sentimita 2 hadi 2.5 pale mita 14.6. Si jambo la kupuuza.

Mambo mengine hayana mjadala mrefu. Mtutu uwe wa inchi 28 au 30. Wa 30 unatembea kwa utulivu zaidi. Choki, yaani ule mkazo wa mdomo wa mtutu, iwe ya kubadilishwa. Kuna choki aina ya modified, improved modified na full, hesabu ya siku zote ni kwamba kwa yadi 40 (mita 36.6) zinaingiza takriban asilimia 60, 65 na 70 ya marisawa ndani ya duara la inchi 30. Kwa yadi 16, improved modified inatosha kabisa, na anayeanza asione haya kutumia modified.

Uzito ni suala linalowashangaza wageni. Bunduki nyepesi huvutia dukani, lakini pampu haina mfumo wa gesi wa kupunguza teke, yaani msukumo wa bunduki kurudi nyuma, kwa hiyo teke lote linakwenda begani. Mashindano ya visahani 100 ni mateke 100 kwa siku moja. Bunduki ya kilo 3.5 au zaidi, yenye mpira mzuri kwenye kitako, itakuacha ukiwa na bega.

Orodha yangu

Ya kwanza ni Winchester SXP Trap. Sababu ni moja: imetoka kiwandani ikiwa imeshakusudiwa kwa kazi hii. Mgongo wa kitako umeinuliwa, mtutu ni wa inchi 30 au 32, na choki zinabadilishwa. Inatengenezwa Uturuki, na bolti yake, yaani kipande kinachofunga nyuma ya mtutu, huzunguka ili kujifunga, hivyo pampu inavutika kwa wepesi wa ajabu. Wapo wanaoidharau kwa kuwa haina historia ya Winchester za zamani. Sioni historia ikivunja visahani. Ukiitoa kwenye boksi unaweza kwenda nayo uwanjani siku hiyo hiyo, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu nyingi zinazofuata.

Ya pili ni Remington 870, hasa Wingmaster. Imekuwepo tangu 1950, imeuzwa kwa mamilioni, na mwili wake ni wa chuma kizima. Faida yake kubwa ni vipuri: mitutu ya trapu, vitako vya mgongo wa juu, triga zilizorekebishwa, vyote vipo, na fundi yeyote wa bunduki ameshaifungua mara nyingi. Kampuni ya zamani ilifilisika 2020, kisha uzalishaji ukaanza tena chini ya wamiliki wapya. Ukipata 870 iliyotumika ya toleo la trapu, yenye kitako chake cha asili, ningeiweka hata mbele ya SXP, mradi ukague mambo mawili. Chungulia ndani ya mtutu kama kuna kutu au uvimbe. Kisha angalia kama choki inatoka, maana mitutu ya zamani imechongwa choki yake moja kwa moja. Choki ya kudumu ya full haitakusaidia sana ukiwa unajifunza.

Ya tatu ni Browning BPS, na kwa wanaotumia mkono wa kushoto ingekuwa ya kwanza. Maganda yake hutokea chini badala ya ubavuni, na kitufe cha usalama kipo juu, nyuma ya mwili wa bunduki, ambapo dole gumba la mkono wowote linakifikia. Ni nzito, na kwa trapu uzito huo ni sifa. Kasoro yake utaiona siku ya kwanza: kwa kuwa upande hauna tundu, kupakia risasi moja moja kunataka uisukume kutoka chini. Si kazi ngumu, ila mbele ya wenzako wanaosubiri zamu, vidole vinaweza kuchanganyikiwa. Ithaca 37 ina mpangilio huo huo wa kutolea maganda chini, na usumbufu huo wa kupakia unaihusu pia.

Ya nne ni Mossberg 500 pamoja na ndugu yake wa bei ya chini, Maverick 88. Mossberg 500 ilitoka 1961, kitufe chake cha usalama kipo juu kama cha BPS, na ni bunduki inayovumilia kutunzwa vibaya. Kwa nini basi ipo ya nne? Mwili wake ni wa aluminiamu, kwa hiyo ni nyepesi na teke lake linasikika, na kitako chake cha kawaida kimeinama kama cha mwindaji. Ukiongeza pedi ya shavu na mpira mzuri wa bega, imekuwa bunduki nyingine. Maverick 88 ina usalama wa kusukuma karibu na triga badala ya juu, na ndiyo ningemshauri mtu ambaye bado hajui kama mchezo huu utamkaa. Inunue, ongeza pedi, na fedha uliyookoa nunulia risasi.

Ya tano ni Benelli Nova. Najua wenye nayo watanuna. Ni bunduki imara, nzito ya kutosha, haishiki kutu kirahisi. Lakini kitako na mwili wake vimeumbwa kipande kimoja cha plastiki juu ya fremu ya chuma, na kitako usichoweza kukibadilisha ni kamari: kikikufaa, umeshinda, kisipokufaa, huna la kufanya zaidi ya kubandika pedi. SuperNova ilikuja kurekebisha hilo kwa kitako kinachotolewa, na kwa trapu ni bora uichukue hiyo.

Nje ya orodha ipo Winchester Model 12, iliyotengenezwa kwa uzalishaji wa kawaida kuanzia 1912 hadi 1964, ambayo zamani ilitawala mistari ya trapu Marekani. Bado zinauzwa, na baadhi ni nzuri kuliko chochote kilichotajwa hapo juu. Ila si bunduki ya mgeni. Haina kizuizi cha triga: ukiwa umeibana huku unafunga pampu, inafyatua palepale. Pia usiilishe marisawa ya chuma; mitutu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya risasi za madini ya risasi.

Za kuepuka kabisa ni pampu za ulinzi zenye mtutu wa inchi 18 au 20. Zinaonekana kali, zinauzwa rahisi, na katika trapu zinayumba kupita kiasi huku choki zake nyingi zikiwa wazi mno.

Risasi

Geji 12, urefu wa milimita 70. Kanuni za Marekani zinakubali hadi gramu 32 za marisawa, lakini gramu 28 zinavunja visahani vya yadi 16 bila shida, na bega litashukuru. Marisawa namba 8 au 7½ (namba ni ukubwa wa punje). Uliza uwanja kama unalazimisha marisawa ya chuma, na kama ndivyo, hakikisha choki yako imeandikwa kuwa inaruhusiwa, kwani chuma hakibonyei kama madini ya risasi.

Risasi za geji 20 zisikae kamwe mfuko mmoja na za geji 12. Ya geji 20 huteleza ndani ya mtutu wa geji 12 na kukwama mbele ya chemba, yaani pale risasi inapokaa. Mtu anadhani hajapakia, anatia ya geji 12 nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasuka.

Kabla ya kisahani cha kwanza

Anza na karatasi kubwa, si visahani. Weka alama katikati, simama kama mita 13, weka bunduki begani kwa utaratibu wako wa kawaida na ufyatue bila kuchelewa. Rudia mara tano kwenye karatasi hiyo hiyo. Kitovu cha wingu la matundu kitakuonyesha bunduki inapiga wapi wewe ukiwa nyuma yake, na hilo ndilo la maana. Mtu mwingine akiishika, kitovu kinaweza kuhama. Likiwa chini, pandisha mgongo. Likienda kushoto au kulia, kuna kitu shavuni au kwenye urefu wa kitako, na hapo fundi anafaa kuliko ushauri wa jirani.

Uwanjani, pampu ina adabu zake. Inabaki wazi na tupu mpaka zamu yako ifike, na unapohama kituo inabaki wazi ili kila mtu aone. Pakia risasi moja tu, moja kwa moja kwenye chemba. Magazini iache ipumzike. Mdomo wa mtutu uelekee mbele muda wote. Vizuia sauti masikioni na miwani machoni si hiari, kwani vipande vya visahani hurudi na upepo. Nyumbani bunduki na risasi vifungiwe mahali tofauti, na kibali kiwe kimeshapatikana kabla ya malipo ya dukani.

Bunduki inatangulia begani, kisha ndipo unaita. Elekeza mtutu juu kidogo ya paa la kibanda, macho yatazame mbali zaidi ya mtutu, na subiri uone kisahani chenyewe badala ya ukungu wake. Shanga iliyo mdomoni mwa mtutu usiitafute. Ukiitazama, mikono inasimama na risasi inapita nyuma. Shavu lisinyanyuke mpaka kisahani kiwe kimevunjika au kimetua.

Ukishafyatua, usivute pampu kwa nguvu kama unavyoona kwenye filamu. Ganda la moto litaruka hadi kwa mwenzako wa kulia, naye yuko karibu kuita. Shusha bunduki, funika tundu kwa kiganja, vuta polepole, ganda lichukue mkononi. Waliozoea wanafanya hivyo bila kufikiri, na ndiyo sababu hawagombani na majirani.

Katika mashindano ya handicap, ambayo umbali hutegemea umahiri wa mlengaji, alama zikipanda utasogezwa nyuma, hadi yadi 27. Hapo full inaanza kuwa na maana, na gramu 32 pia. Mchezo wa visahani viwili kwa mpigo ndio utakaokufanya uwaze kuhusu mitutu miwili, ingawa wapo wazee wanaovifuta vyote viwili kwa Wingmaster ya kale na kurudi kukaa chini bila kusema neno.