Redio ya namba: miezi minane nayo, Mikindani na Newala

Redio yangu ya zamani ilikuwa ya mshale. Ukizungusha kidogo umeshapita, ukirudisha umepita tena. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, nilikesha na mshale ule nikitafuta taarifa ya hali ya hewa. Kama wiki moja baadaye nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika, simu hazifungui kitu, na mimi niko pale pale, nazungusha. Ndipo nilipoamua kununua redio inayoonyesha masafa kwa namba.

Niliipata Mtwara mjini kwa shilingi 75,000. Inaenea kiganjani, ina FM, masafa ya kati (MW) na masafa mafupi (SW). Inatumia betri ya BL-5C, ile ile ya simu za kitochi, na kwa kweli hilo ndilo lililonivuta kwanza, maana betri hiyo huikosi hata vijijini.

Kwenye FM sina lawama. Unaandika namba, redio inakwenda moja kwa moja. Ukishikilia kitufe cha kutafuta, inapita yenyewe kutoka 87.5 hadi 108 na kuhifadhi kila inachokipata. Ila ukihama mahali, rudia zoezi hilo. TBC Taifa ya Mtwara haikai kwenye namba ya Dar es Salaam, kwa sababu mitambo iliyo jirani ikirusha kwa namba moja itaingiliana. Watu wengi huandika namba waliyoizoea mjini, wakikuta mikwaruzo wanasema redio ni mbovu.

Na mahali ulipo kuna uzito kuliko bei ya redio. Mawimbi ya FM huenda karibu sawa na jicho linavyoona. Mikindani tuko chini, bahari mbele na vilima nyuma, kwa hiyo stesheni za mbali zinakuja kwa shida. Nilipoipeleka Newala kwa babu, juu kule kwenye uwanda wa Makonde, ikawa redio nyingine kabisa. Nilisimama Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda huo, jioni moja, bonde la Ruvuma lote liko chini yangu, nikasikia Kireno safi, kisha Kimakonde cha ng'ambo, Msumbiji, kile chenye maneno ya Kireno ndani yake. Nilikaa pale hadi giza likaingia.

Babu alikuwa na redio yake kubwa, kioo chake amekichora vistari vya kalamu, kila kistari na stesheni yake. Nilipompa hii alisita: "Mjukuu wangu, hizi namba zote zitakaa wapi?" Nikamwandikia kwenye daftari kwa herufi kubwa. Nilimwonya pia kwamba namba peke yake si jina: ukiangukia sauti usiyoijua, usiihame, subiri saa kamili, ndipo wengi hujitaja. Sasa daftari lile analijaza mwenyewe. Msimu wa korosho, siku za mnada wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, redio inawashwa mapema na hakuna anayeruhusiwa kuigusa mpaka bei zisomwe.

Masafa ya kati ndiyo yaliyonisumbua. Wiki mbili za mwanzo kila stesheni ilisikika kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Kumbe redio ilitoka kiwandani ikiwa imepangwa kuruka kHz (kilohezi, kipimo cha masafa) 10 kwa 10, kama Marekani. Huku Afrika, sawa na Ulaya na Asia, MW imepangwa kwa kuruka kHz 9, kuanzia 531 hadi 1602, na kila namba yake inagawanyika kwa 9. Stesheni iliyopo 657, ukiruka kwa kumi unaangukia 650 au 660, yeye mwenyewe humpati. Dawa yake ilikuwa kushikilia kitufe kimoja redio ikiwa imezimwa mpaka kioo kionyeshe 9. Nilikigundua kwa kujaribu kimoja kimoja, kwa sababu kijitabu chake hakielezi na hakina neno hata moja la Kiswahili. Hili limeniudhi kweli. Mnunuzi asiyejaribu angeishi na redio nzima akiamini MW imekufa. Kwa hiyo mwambie muuzaji aiweke kwenye 9 hapo hapo dukani, kabla hujalipa.

Kwenye masafa mafupi niliitafuta ZBC ya Zanzibar kwenye 11735, namba yake ya miaka mingi, nikaipata jioni kwa antena yake tu. Orodha za stesheni hizi hutumia saa za UTC, yaani saa za pamoja za dunia nzima, na hesabu yake kwetu ni nyepesi: chukua saa ya Kiswahili, ongeza tatu. Saa tatu asubuhi ni 06:00, saa kumi na mbili jioni ni 15:00. Saa moja usiku ihesabu kuwa ya kumi na tatu, unapata 16:00.

Antena imeanza kulegea kwenye shina, na spika ikifunguliwa sana inapasuka sauti. Babu tumemfungia waya wa mita kama nane kutoka dirishani hadi kwenye mkorosho, ncha moja imebanwa kwenye antena, na SW imepanda waziwazi. Kelele iliyobaki inatoka kwenye taa za LED na chaja za simu, zinazovuma juu ya MW usiku kucha. Umeme ukikatika Newala nzima, mvumo huo unakatika nao, na stesheni za mbali zinajitokeza moja baada ya nyingine. Siku hizi giza likiingia ghafla babu ananipigia simu, hata salamu hamalizi: "Washa masafa ya kati. Sasa hivi, kabla hawajaurudisha."