Karatasi ya kuokea iliyokatwa tayari: kwa samaki naipa nyota nne

Kama unapenda samaki wa oveni lakini hupendi kusugua treya, chukua hii karatasi. Mi natumia hizi zilizokatwa tayari, sentimita 30 kwa 40, sio za rola, maana ya rola ukiilaza mezani inajikunja yenyewe na we mikono imeshajaa mafuta.

Naikunja katikati, upande mmoja natandika kitunguu na karoti zilizokatwa nyembamba kabisa, juu minofu ya samaki, chumvi, kitunguu saumu, siagi kidogo na vipande vya limau, basi. Halafu nafunga ukingo kuanzia kona moja, mikunjo midogo midogo, kila mmoja unaukalia nusu ule uliotangulia, mpaka mwisho nasokota ncha naichomeka chini. Hapo ndo pa kutuliza mkono, ukiacha upenyo mvuke wote unaishia nje na samaki anakuwa mkavu, ila pia usibane sana, mvuke unataka pa kuzunguka. Oveni nyuzi 200, minofu ya unene wa sentimita 2 hivi ni dakika 12 mpaka 15, pakiti inavimba na karatasi inaanza kuwa kahawia pembeni. Ukifungua weka uso mbali jamani, ule mvuke unaunguza. Samaki anaachia kwa uma tu, na chini kuna kamchuzi kepesi ambako hujakaongezea hata tone la maji, nakapenda kuliko samaki mwenyewe!!

Viazi vibichi usiweke, samaki ataiva navyo bado vigumu, vichemshe kwanza. Kuku inawezekana ila kata vipande vyembamba na hakikisha ndani imefika nyuzi 74.

Wengi wanatumia foili, sawa, lakini limau na nyanya zinakula aluminiamu na chakula kinaweza kupata ladha ya chuma, karatasi hii ina silikoni haina hiyo shida wala haigandi. Ila usiichanganye na karatasi ya nta, ile kwenye oveni nta inayeyuka na kutoa moshi.

Nyota moja nimetoa kwa sababu boksi limeandikwa mwisho nyuzi 220, kwa hiyo kuwasha grili ya juu ili kitu kipate rangi huwezi, itaungua. Anayetaka ngozi ya samaki iwe kavukavu atumie kikaango.