Konda alivyokwenda likizo Gezaulole: maswali saba, nyota nne

Mbwa wetu anaitwa Konda, na jina alijipatia mwenyewe. Tangu mdogo, ukimpakia garini anatoa kichwa dirishani na kubwekea kila kituo. Tabata Relini anabweka, Buguruni anabweka, Tazara anabweka mara mbili. Ni mbwa wa kienyeji, rangi ya mchanga, miaka minne. Getini kwetu kuna kibao cha "Mbwa mkali" ambacho ni uongo mtupu, lakini wezi hawajui.

Kabla sijaisifia sehemu hii, nieleze kwanza nimetokea wapi. Mwaka jana tulitaka kwenda naye hoteli moja ya ufukweni, upande wa kaskazini wa jiji. Nikapiga simu siku tatu kabla, nikauliza kama mbwa anaruhusiwa. "Hakuna shida dada, njoo naye tu." Tumefika, askari wa getini kamwona Konda, karudi nyuma hatua tatu. Akaitwa meneja. Meneja akasema aliyepokea simu alidhani natania. Hela ya chumba nilishatuma. Basi Konda akafungwa kamba nyuma ya jikoni, karibu na jenereta, na mimi nikalala kwenye kiti cha gari ili asilie usiku kucha. Mume wangu alilala chumbani peke yake na kiyoyozi, na hadi leo hajanisamehe kwamba mimi sijamsamehe. Tangu siku ile, nikiuliza habari za mbwa nikajibiwa "hakuna shida" kabla sijamaliza sentensi, nakata simu.

Sehemu ninayoisimulia leo iko Kigamboni, upande wa Gezaulole. Jina silitaji kwa sababu mwenyewe kaniomba. Ana mabanda matatu tu na hataki kujaziwa watu. Nilielekezwa na daktari wa mifugo anayemchanja Konda. Nilipopiga simu alipokea mzee, sauti ya taratibu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza haja yangu. Hakusema hakuna shida. Alisema, "Subiri nikuulize, mama."

Anauma? Kachanjwa lini? Dume au jike, na kama ni jike, yuko kwenye joto? Amezoea kuku? Analala ndani au nje? Ameshawahi kuiona bahari? Hayo sita nilikuwa na majibu yake. La saba likanichekesha: "Na nyinyi wenyewe mnaamka saa ngapi?" Akafafanua. Njia ya kwenda msikitini inapita pale ufukweni, mbele ya mabanda yake. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri wapo watu wameshatia udhu wanakwenda kuswali, na wavuvi wanashuka pwani. Saa hiyo mbwa awe ndani, au awe kwenye kamba iliyo mkononi mwa mtu aliye macho. Siyo mtu anayepiga miayo.

Pale pale nikajua nimepata.

Tulikwenda wiki ya Sabasaba, watoto shule zimefungwa. Wengi wataniuliza kwa nini hatukupita kivukoni Magogoni, maana pantoni ni raha yake. Raha ni kwako. Kwenye pantoni watu wamebanana bega kwa bega, wengine na ndoo za samaki, wengine na kanzu nyeupe, na hakuna mahali pa kusogea mtu anayeogopa mbwa. Kumsimamisha Konda katikati ya umati ule ni kuwakosea watu adabu. Tukashika barabara ya Mandela, Uhasibu, Kurasini, tukapita Daraja la Nyerere. Lile daraja, tangu lifunguliwe mwaka 2016, ndilo lililotufungulia Kigamboni sisi wenye mbwa. Ni mita 680 tu, lakini Konda alizibweka zote. Foleni ya maonyesho ilitushika karibu na Uhasibu muda wa kutosha kumaliza maji yote tuliyobeba, kwa hiyo bebeni zaidi, na gari lisizimwe vioo vikiwa juu hata kwa dakika kumi. Kutoka barabara kubwa hadi baharini ni mchanga. Ist yetu ilinasa mara moja.

Gezaulole, kwa wasiojua, ni Kizaramo: jaribu uone. Mzee alinieleza hivyo huku akimtazama Konda anavyoshuka garini, na sikuwa na hakika maneno yale alikuwa anamwambia nani.

Banda lenyewe ni la makuti, sakafu ya saruji, kitanda kimoja kikubwa na kingine cha watoto, vyandarua vizima, taa za sola. Choo na bafu viko nje, hatua ishirini. Nyuma ya mlango kabandika karatasi aliyoiandika kwa mkono. Chakula cha mbwa kwenye bakuli jekundu tu. Mbwa asifike jikoni, kisimani, wala kwenye mkeka wa baraza la mzee. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: akiuma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa amechanjwa. Kadi ya chanjo aliiomba kabla hajatupa ufunguo, akaisoma tarehe kwa miwani. Kuna wageni wangeudhika. Mimi nilifurahi. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza mtu haponi, na pale watoto wa jirani wanacheza mpira kutwa nzima.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wenye mbwa wa mjini tunapenda kulikwepa. Ukanda huu wa pwani wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Chombo kikirambwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu akimkwepa mbwa wako si kwamba ana roho mbaya, anaepuka usumbufu kabla ya swala. Mzee na bibi yake ni watu wa swala tano. Hawamgusi mbwa. Lakini wameona kuna watu wanahangaika, wakatafuta namna ya kuwapokea bila kujivunjia utaratibu wao. Ndiyo maana bakuli ni jekundu, ndiyo maana kuna bomba la nje la mbwa peke yake, na ndiyo maana kuna ngalawa kuukuu.

Ngalawa ndiyo hasa tuliyoifuata kule. Mzee anazo mbili. Moja ya kuvulia, nyingine ya zamani kaitenga kwa wageni wenye mbwa. Shilingi 30,000, saa mbili, pamoja na nahodha. Konda bahari aliijua kwa mbali tu, Coco Beach, tena kwa kamba. Alipopandishwa akajibana katikati, miguu inatetemeka, masikio yamelala. Nahodha, kijana wa miaka kama ishirini, akatandika gunia lililoloweshwa maji ili kucha zisiteleze, akampigia mluzi. Tanga likashika upepo wa kusi. Na Konda akakumbuka kazi yake! Akainuka, akaenda hadi mbele, kichwa nje, akaanza kubwekea kila chombo kilichotupita. Nahodha alicheka hadi usukani ukamponyoka kidogo. "Mama, huyu anapakia abiria!" Mume wangu, yule wa kiyoyozi, alipiga picha arobaini.

Kuna mahali maji yanakuwa ya magoti, mchanga mweupe chini, tukamshusha. Aliogelea. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, ila huyu wa kwetu alikuwa anaogelea kuupa ufuko mgongo, ikabidi tumfuate. Tuliporudi, kijana mmoja akaichukua ngalawa, akaipaka udongo kutoka kwenye ndoo, akaisuuza, mara saba. Watoto wangu walimsaidia kuhesabu kwa sauti. Hakuna aliyenuna, hakuna aliyetuomba radhi wala kutudai radhi.

Siku ya pili ilikuwa bamvua. Kufika saa nne asubuhi maji yamekupwa mbali kabisa, unatembea juu ya mchanga na vidimbwi, kina mama wanaokota chaza. Ni matembezi ambayo sijawahi kumpa mbwa popote jijini, ila yana mitego miwili. Wa kwanza ni wale viumbe wa baharini weusi wenye miiba mirefu kama ya nungunungu, wamejificha kwenye majani. Mzee alitutahadharisha, tukabaki kwenye mchanga mtupu. Wa pili hatukuujua. Konda alikuwa ameshainamia samaki aliyetupwa na wavuvi, mvimbemvimbe, ndipo mtoto mmoja akapiga kelele, "Bunju! Bunju!" Mimi nikafikiri anataja kule Bunju ya barabara ya Bagamoyo, nikashangaa. Mume wangu ndiye aliyeruka. Bunju ni samaki mwenye sumu ya kuua mtu mzima, sembuse mbwa wa kilo kumi na nane. Nilimnunulia yule mtoto soda mbili.

Kosa jingine lilikuwa letu. Konda alikunywa maji ya chumvi kwa pupa kwenye ngalawa, na sisi tukaona ni mchezo. Saa nane usiku tumbo likamfunguka, ndani ya banda, juu ya sakafu ya saruji. Kila tukigeuka tunamkuta kona nyingine. Bibi alisikia, akatoka na tochi, akasimama mbali, akatuelekeza majivu yalipo ya kumwagia. Asubuhi akampikia wali mweupe mlaini na samaki aliyechambuliwa miiba, akamwekea kwenye bakuli jekundu lililo mkononi mwa mume wangu, bila yeye kuligusa. Hakutudai cha chakula. Bebeni maji ya kunywa kwenye ngalawa, na mpeni mbwa kabla hajayatamani ya bahari.

Sasa nyota niliyoiondoa. Jumamosi jirani yao, sehemu ya starehe ambayo nayo siitaji, walifungulia singeli kuanzia saa mbili usiku hadi saa tisa. Konda alijichimbia chini ya kitanda akitweta, hakula. Mzee si wa kulaumiwa kwa muziki wa watu, ila wa kulaumiwa kwa kutotuambia. Katika maswali yake saba hakuna moja linalohusu Jumamosi. Halafu mbele ya banda hakuna kivuli kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana, na saruji inawaka, ukiweka kiganja unakiondoa. Turubai moja lingemaliza hilo. Kupe pia wapo kwenye nyasi za nyuma, niliwatoa wanne masikioni. Banda ni shilingi 70,000 kwa usiku, mbwa 10,000 zaidi, na hiyo ya mbwa niliambiwa siku ya kulipa. Si kubwa, lakini iwekwe kwenye ile karatasi ya mlangoni.

Kuna rafiki yangu kaniuliza kwa nini nisiende Mikumi na Konda, ndiyo ingekuwa likizo ya ajabu kweli. Hifadhi za taifa haziruhusu mbwa wa kufugwa kuingia, na sababu wanayo. Mwaka 1994 virusi vya distemper, ugonjwa wa mbwa ulio tofauti na kichaa, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na chanzo kinaaminika kilikuwa mbwa wa vijiji vilivyoizunguka hifadhi. Simba hawajui kwamba Konda wetu amechanjwa. Na hata usipoingia hifadhini, maeneo yenye mbung'o ni hatari kwa mbwa mwenyewe. Nagana, ugonjwa wanaoueneza mbung'o, humshika vibaya kuliko unavyomshika ng'ombe, macho yanapata ukungu na anadhoofika upesi. Kwa hiyo sisi ni watu wa pwani tu.

Kama utakwenda, nenda katikati ya wiki, beba mkeka wa mbwa, kamba mbili, na turubai mpaka mzee atakaponunua lake. Pigia simu nahodha jioni ya kuamkia, maana anafuata maji, hafuati saa yako.

Nimeshaweka nafasi ya Septemba, Jumatatu hadi Alhamisi. Mzee alipopiga kuthibitisha nikajua tumeshazoeana, nikataka kumwuliza hali ya bibi. Akasema subiri kwanza, mama. Akaniuliza tena yote saba, tangu la kuuma hadi la kuamka.